Diskasi Dodoma: shajara ya maji, mayai na vifaranga

Oktoba 2024

Jozi imejitenga. Kati ya samaki sita wa mapambo aina ya diskasi niliowalea pamoja tangu wakiwa na upana wa sentimita tano, wawili wameteka kona ya kushoto ya tangi na hawataki mwingine asogee. Mmoja ni wa rangi ya feruzi mwenye mistari myekundu, mwenzake ni wa kahawia, anayekaribia sana wale wa porini. Wanakutana uso kwa uso, wanainamisha vichwa, halafu mwili mzima unatetemeka hadi mkiani. Huwezi kumtambua dume na jike wa diskasi kwa kuwatazama tu, ndiyo maana wafugaji hununua kundi la wadogo na kuwaacha wachaguane wenyewe wakikomaa. Wangu wamechaguana.

Naanza kuandika sasa kwa sababu lengo limesogea. Nataka vifaranga wa diskasi wanaolelewa na wazazi wao wenyewe, hapa Ilazo, Dodoma, kwenye tangi la lita 200 lililoko sebuleni kwangu. Sitaki kuhamisha mayai na kulisha vifaranga kwa unga wa kiini cha yai kwenye beseni, kama wafanyavyo baadhi ya wazalishaji wakubwa. Nataka walelewe ubavuni mwa mama na baba.

Kwa asiyemfahamu: diskasi ni samaki wa bonde la mto Amazon. Johann Jakob Heckel wa Austria ndiye aliyemwandika kisayansi mwaka 1840 kwa jina la *Symphysodon discus*. Ukoo wake, Cichlidae, ndio ukoo wa sato na perege wetu, na wa samaki wengi wa mapambo wanaosafirishwa kutoka Kigoma kwenda nje. Lakini undugu huo usikudanganye kwenye suala la maji. Samaki wa Ziwa Tanganyika amezoea maji magumu yenye pH (kipimo cha asidi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) inayokaribia 9, na bomba la Dodoma lisingempa shida yoyote. Diskasi ametoka kwenye maji laini yenye asidi, ya rangi ya chai, yasiyo na madini karibu yoyote. Tena anataka joto: nyuzi 28 hadi 31, usiku na mchana.

Kwa hiyo mradi huu ni wa maji kwanza. Samaki wanafuata.

Oktoba, mwisho wa mwezi: bomba

Dodoma ni mji wa visima. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Maji yaliyokaa chini kwenye miamba hubeba chokaa na chumvi, na kila anayepika hapa anaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Kipimo changu cha TDS, yaani jumla ya madini na chumvi zilizoyeyuka majini, kwenye bomba la uani kinasoma 740 ppm (sehemu 740 kwa milioni). pH ni 7.9.

Diskasi mkubwa anaishi vizuri tu kwenye maji hayo akizoeshwa polepole. Wangu wamekulia humo, wanene, mapezi yamenyooka. Wadogo hata hufaidika na madini wanapojenga mifupa. Tatizo ni yai. Kalsiamu ikizidi, urutubishaji hushuka sana, na hata mayai yaliyorutubishwa mengi hayaanguliwi. Kwa kuzalisha ninalenga TDS chini ya 100 na pH ya 6 hadi 6.5.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Dar au Tanga hakutani nalo kama sisi. Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu na upepo haulali. Tangi lisilo na kifuniko hupungua maji kila siku, na yanayopaa ni maji matupu, madini yanabaki. Ukijazia kwa maji ya bomba, wiki baada ya wiki unazidisha chumvi ileile unayoikimbia. Nimeweka vifuniko vya kioo, na cha kujazia natumia kile kidogo kilichobaki cha maji ya mvua ya mwaka jana.

Novemba

Wametaga. Nilikuwa nimewawekea chungu kirefu cha udongo kilichochomwa bila rangi, nikakisimamisha kichwa chini ili wapate ukuta wa wima. Diskasi hutaga juu ya kitu kilichosimama. Porini ni kigogo au jani pana. Kwa siku kadhaa walikuwa wanakisugua kwa midomo. Jioni moja, kabla ya taarifa ya habari, jike akaanza kupanda kwenye chungu kutoka chini kwenda juu, akiacha mstari wa mayai, kila moja limeshika kivyake. Dume akapita nyuma yake kwenye njia ileile. Wakati huo ndipo jinsia inaonekana wazi: mrija wa uzazi wa jike ni mnene na butu, wa dume ni mwembamba na umechongoka. Yule wa kahawia ndiye jike.

Mayai yalikuwa ya rangi ya asali iliyokolea. Asubuhi ya pili yalikuwa yamegeuka meupe karibu yote, na ya tatu yameota nyuzi za ukungu. Wazazi wakayala.

Kwa TDS iliyokuwa tangini nilitarajia hivyo, na sikuwasumbua. Nilichotaka kujua nimekijua: ni dume na jike kweli (majike wawili nao huweza kujifanya jozi na wakataga wote), wanafuatana, na wanalinda chungu kwa zamu huku wakipepea mayai kwa mapezi ya pembeni. Jozi ninayo, bado maji.

Watu wawili wamenishauri kununua kichujio cha RO, kinachosukuma maji kwenye utando mwembamba unaobakiza madini. Kinafanya kazi, sibishi. Ila kwa kila lita moja safi, kile cha nyumbani humwaga lita mbili tatu au zaidi kwenye mtaro. Kwenye mji ambao mtaa mzima husubiri zamu ya maji, mimi siwezi kufanya hivyo kwa ajili ya samaki wa sebuleni. Nasubiri mvua.

Desemba 2024 hadi Januari 2025: mvua

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa kawaida ni milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka. Watu husikia takwimu hiyo wakafikiri haitoshi kitu. Piga hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa langu la mita za mraba 60 likipata milimita 500, hizo ni lita 30,000. Hata theluthi ikipotea kwa upepo na mifereji kufurika, inabaki 20,000. Tangi la kuzalishia linatumia sehemu ndogo sana ya hapo. Kinachopungua ni mahali pa kuyaweka.

Nina simtanki moja la lita 5,000, jeusi, ili mwanga usiingie na ukijani usiote. Mvua ya kwanza yote naimwaga. Bati limekaa miezi saba na vumbi, kinyesi cha ndege na majani ya mwarobaini; maji yake ya kwanza huwa kama uji. Bomba la kuteremshia maji nimelifunga kiungo ninachokigeuza kwa mkono: kwanza yaende kwenye migomba, na bati likishaoshwa nageuza yaingie tangini kupitia kitambaa cha kuchujia nazi.

Siku mvua kubwa ilipopiga alasiri, binti yangu alitoka na kipimo chini ya mwavuli, akachota kwenye kikombe.

"Baba, kumi na mbili!"

"Rudia."

"Kumi na mbili ileile."

TDS 12, kutoka 740. Ndani ya wiki chache simtanki lilijaa hadi mdomoni.

Maji ya mvua peke yake hayafai. Hayana chokaa ya kushikilia pH, kwa hiyo asidi inayotokana na uchafu wa samaki inaweza kuiporomosha usiku mmoja. Nachanganya ndoo tisa za mvua kwa moja ya bomba: tisa mara 12 ni 108, jumlisha 740, gawanya kwa kumi, unapata karibu 85. Kipimo tangini kilisoma 88. Juu yake naweka majani makavu ya mti wa mkungu, ambayo dada yangu huyaokota Tanga na kunitumia kwenye kiroba kwa basi. Yanatoa asidi na ule wekundu wa kahawia, na yanasaidia kuzuia ukungu. Bahari iko mbali nasi, mkungu hapa hauonekani sana, kwa hiyo kiroba hicho nakitunza kama mchele.

Mabadiliko nimeyafanya kidogo kidogo kwa wiki tatu. Samaki aliyezoea 700 ukimtia ghafla kwenye 88, mwili wake hupata mshtuko.

Februari 2025

Jozi nimeihamishia kwenye tangi lake peke yake, lita 120, chini patupu bila mchanga. Chujio ni la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Nimeongeza jiwe la hewa la pili kwa sababu ya hesabu ambayo wafugaji wa pwani hawaihitaji. Maji ya nyuzi 30 kwenye usawa wa bahari hushika oksijeni kama miligramu 7.5 kwa lita. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu, hewa ni nyepesi, na kiwango hicho kinashuka hadi kama 6.6. Samaki huwezi kumshushia joto, basi mwongezee mapovu.

Mayai mengine yakatagwa. Safari hii kama theluthi hivi hayakuwa meupe. Yakaanguliwa, kisha wazazi wakawala usiku. Hilo si la kutia hofu. Jozi changa hufanya hivyo mara kadhaa kabla haijatulia. Nimeweka taa ndogo ya usiku karibu na tangi ili waendelee kukiona chungu gizani.

Machi: wametoka

Hii ndiyo sehemu niliyoingoja, kwa hiyo naiandika kwa kirefu.

Mayai yalitagwa jioni. Kufikia siku ya pili asubuhi nilitumia tochi na kioo cha kukuzia: ndani ya kila yai zima kulikuwa na doa jeusi. Meupe yalikuwa machache, kumi na kitu. Baada ya kama saa 60 mikia ilianza kuchomoza. Kichwa bado kimegandishwa kwenye chungu kwa uzi wa gundi, mkia unapigapiga, na ukitazama chungu kizima unaona ngozi inayotikisika. Aliyedondoka, mama au baba anamfuata, anamkamata kwa mdomo na kumtemea tena kwenye chungu. Saa nzima nilimtazama dume akimrudisha kifaranga mmoja asiyetaka kushika.

Siku ya tano tangu kutagwa, wakaanza kuogelea. Hapa ndipo diskasi anapotofautiana na samaki karibu wote unaowajua. Vifaranga hawatafuti chakula majini. Wanawatafuta wazazi. Ngozi ya wazazi wote wawili hutoa ute mzito, chini ya homoni ya prolaktini, ileile inayoleta maziwa kwa mama mnyonyeshaji, na vifaranga huushambulia ubavuni, wamejipanga kama nywele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliuchunguza ute huu na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010: wazazi wenye mayai na vifaranga, ute wao huongezeka protini na kingamwili. Ndiyo maana sikutaka njia ya beseni. Kile kiini cha yai hakina kingamwili ya mama.

Wazazi wenyewe wamegeuka rangi. Yule feruzi amekuwa mweusi nyuma, kuanzia katikati hadi mkiani. Kifaranga asiyejua chochote duniani anaelekea kwenye kitu cheusi, basi mzazi anajifanya cheusi. Aina za kisasa zilizozalishwa zisiwe na weusi kabisa mara nyingi hupata shida hapa, watoto hawawaoni. Hii ni sababu mojawapo ya kumpenda yule jike wangu wa kahawia ambaye wageni humpita bila kumtazama.

Kwa sababu hiyohiyo nilitoa sponji. Ni jeusi. Niliona vifaranga wanane wamelizunguka wakilamba, na pale hakuna ute. Nikalihamisha, nikabakiza jiwe la hewa, nikapunguza kina cha maji hadi sentimita 25 ili njia ya kumfikia mzazi iwe fupi. Chungu nacho nikakitoa. Tangini kikabaki kitu kimoja tu cheusi cha kukiendea: mzazi. Kufikia jioni ubavu wa dume ulikuwa umejaa. Kisha akajitikisa ghafla, akachepuka, na kundi lote likahamia kwa mama aliyekuwa anasubiri pembeni. Wanapokezana hivyo kutwa, mmoja anakula na kupumzika, mwingine ananyonyesha.

Mke wangu, ambaye samaki kwake ni wa kukaanga, alivuta kiti akakaa mbele ya tangi.

"Baba Mkubwa wa hapa anachoka," alisema, akimwonyesha dume. "Mpe chakula."

Nilimpa.

Aprili

Kufikia wiki ya kwanza ya kuogelea nimeanza kuwapa artemia, wadudu wadogo wa maji ya chumvi jamii ya kamba, waliototolewa siku hiyohiyo. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, kitako kimekatwa, imegeuzwa kichwa chini na mrija wa hewa ndani. Gramu 25 hadi 30 za chumvi kwa lita, joto la nyuzi 28, na baada ya kama saa 24 wametoka. Artemia hupenda maji yenye pH ya juu, 8 hivi au zaidi. Bomba letu la Mzakwe, ambalo mayai ya diskasi hayaliwezi, linawatotoa hawa vizuri mno. Kwa kuwavuna nazima pampu, naweka tochi upande mmoja, wanakusanyika kwenye mwanga, nawavuta kwa mrija na kuwasuuza chumvi kwenye kitambaa. Kifaranga aliyekula unamjua papo hapo: tumbo limekuwa la chungwa.

Maji nabadilisha nusu kila siku. Artemia wasioliwa hufa na kuoza, na amonia haina huruma kwa kiumbe wa milimita sita.

Ya kutolewa hayamwagwi. Yanaenda kwenye mchicha na mipapai. Mzee jirani yetu, mwenyeji wa hapa, amenikuta nayo getini, akanisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, mwanangu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hayo unamwaga?"

"Ni ya samaki, babu. Yana mbolea kidogo, hayana dawa."

Sasa kila asubuhi analeta ndoo mbili kwa ajili ya mizabibu yake mitano, na mimi nahakikisha sitii dawa yoyote tangini bila kumwambia.

Usiku mmoja umeme ulikatika kwa saa kadhaa. Pampu ya betri ilishika hewa, na tangi nililifunga blanketi mbili pande zote na kipande cha foma juu. Joto lilishuka kutoka 30 hadi 27.5 tu. Maji mengi hupoa polepole, na huo ndio ubora wa tangi kubwa kuliko dogo. Hakufa hata mmoja.

Mei

Wametengwa na wazazi wakiwa na wiki nne. Mbavu za mama zilikuwa zimeanza kuchubuka, na wazazi wenyewe walikuwa wanawakimbia. Ishara hiyo inatosha. Vifaranga ni themanini na kitu, wameshakuwa duara, si vijiti tena.

Chakula sasa ni moyo wa ng'ombe. Naununua bucha la soko la Majengo asubuhi, na muuzaji ameshanizoea: mafuta yote yatolewe, mishipa yote, ibaki nyama nyekundu. Mafuta ya ng'ombe samaki hayamsagiki vizuri na yanachafua maji. Kilo moja ya moyo, nusu kilo ya kamba waliotoka soko la samaki la Feri, Dar, kwenye boksi la barafu, spinachi iliyochemshwa, punje tatu za kitunguu saumu. Saga, tandaza kwenye mfuko wa plastiki kwa unene wa kidole, gandisha, vunja kipande. Mara tano kwa siku kiasi wanachomaliza kwa dakika chache.

Hawa wadogo wanaishi kwenye mchanganyiko wa nusu mvua nusu bomba. Simtanki lazima lifike Desemba.

Juni na Julai

Baridi. Usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na nyumba zetu hazina chochote cha kuzuia. Hita mbili za wati 200 kwa kila tangi kubwa badala ya moja ya 400: moja ikigoma kuwaka, nyingine inashika, na moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kuwachemsha. Maji ya kubadilishia nayaweka sebuleni kwenye pipa lenye hita tangu jana yake. Jozi nimeipumzisha, nyuzi 28, bila chungu.

Septemba 2025

Vifaranga wamefika sentimita sita hadi saba. Ishirini wamekwenda kwa mfugaji wa Dar kwa treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, kwenye mifuko yenye oksijeni ndani ya boksi la foma. Zamani kwa basi ilikuwa siku nzima, sasa ni saa nne hivi, na wote walifika hai. Kumi nimewapa vijana wawili wa Nzuguni wanaotaka kuanza. Nimewapa pia mchanganyiko wa maji kwa maandishi, na kipimo cha TDS waazime kwangu hadi wanunue chao. Sita bora nimewabakiza, wote wenye weusi wa kutosha mkiani.

Simtanki lina maji robo na kidogo. La pili, la lita 5,000 vilevile, limeshakaa juu ya msingi wa matofali upande wa jikoni, na fundi anakuja Jumamosi kufunga mfereji wa upande huo pamoja na kiungo cha kumwagia mvua ya kwanza. Jike wa kahawia ameanza tena kusugua kioo kwa mdomo. Chungu kimeoshwa, kiko juani, na nitakirudisha tangini mvua ikishajaza tangi la kwanza.